Picha ya Thelathini na Saba

Nilitoka nje kuingiza kibao cha studio yangu ya picha. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kila siku: jua likishapotea nyuma ya ghorofa la mbele, naingiza kibao, nazima kompyuta, namshika mwanangu mkono, tunakwenda zetu nyumbani. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuwa anafunika mashine yake.

"Fundi, leo umewafanya wangapi weupe?" akaniuliza, kama anavyoniuliza kila siku.

"Wote. Wewe tu ndiye umeshindikana."

Akacheka, akaondoka. Nikainama kushika kibao, na hapo nikaona miguu.

Miguu ya mwanamke. Kandambili, vumbi hadi kwenye vifundo. Sikuwa nimemsikia akija.

"Fundi," alinong'ona. "Usifunge."

Alikuwa mama wa umri wangu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alinyoosha kiganja. Juu yake palikuwa na kadi ya kamera, imefungwa kwenye karatasi na kuzungushiwa uzi mara nyingi, kana kwamba ingeweza kutoroka.

"Picha za mwanangu," akasema. "Siku aliyotimiza miaka sita. Flashi iligoma, zote zimetoka nyeusi. Ziko thelathini na sita."

"Njoo kesho asubuhi, dada. Leo nimeshafunga."

"Kesho ni mbali."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, huku akitazama barabarani. Mumewe ndiye aliyepiga zile picha. Alipozitazama kwenye kamera aliona kitu, hakusema ni nini, akazifuta zote palepale. Mtoto alikuwa anacheza sakafuni. Akalala. Hakuamka jioni, hakuamka kesho yake, na ile ilikuwa siku ya nne. Hospitali walimpima kila kitu wasione ugonjwa. Mama mkwe wake ndiye aliyesema mtoto amefungiwa kwenye giza la zile picha, zirudishwe na yeye aletwe kwenye mwanga. Basi akaipeleka kadi kwa fundi wa simu, naye akazirudisha zile zilizofutwa.

Sikuamini hata nusu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nina wangu. Nikamwambia aingie.

"Nitakaa nje," akasema haraka. "Sitaki kuziona. Ila fundi, sikiliza. Mng'arishe mtoto. Yeye tu. Nyuma yake pote paache na giza lake. Usipaguse hata kidogo."

Nikaitikia kama ninavyowaitikia wateja wote. Kila mtu huja na masharti yake. Huyu anataka macho yakuzwe, yule mashavu yapunguzwe, na mmoja aliwahi kuniomba nimwondoe wifi yake kwenye picha ya harusi. Ningesikiliza kila mtu ningekuwa nimeshapata wazimu.

Niseme ukweli, kuokoa picha zilizopigwa gizani ndicho ninachojivunia. Picha ya namna hiyo huonekana imekufa, lakini haijafa. Vitu vyote vimo ndani ya ule weusi. Kamera iliviona, ila haikupata mwanga wa kuvionyesha. Kwenye kompyuta kuna kidude unakivuta kulia kidogo kidogo, na vitu vinaanza kutokea: ukuta, kiti, uso wa mtu. Ukikivuta sana, picha inatoa chenga, zile punje punje kama mchanga. Wenzangu wanaishia na chenga. Mimi najua pa kusimama. Wateja huniita mchawi, kwa utani, na utani huo nilikuwa naupenda.

Ndani, mwanangu alikuwa chini ya meza yangu na daftari lake la shule. Ana miaka saba na pengo la meno mawili. Nyumbani tunamwita Maswali, na ukikaa naye dakika tano utajua sababu.

"Mama, tunaondoka lini?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi ya kweli au ya watu wazima?"

"Andika, mwanangu."

Mchana ule kamera yangu ilikuwa imerudi kutoka kwenye matengenezo, nami nilikuwa nimeijaribu kwa kumpiga yeye picha moja, amekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, pale penye karatasi ya kijivu ninapopigia watu. Taa zilichelewa kuwaka, ikatoka nyeusi. Nikaiingiza kwenye kompyuta, kwenye folda niliyoiita LEO, kisha nikaisafisha kadi. Kila kazi ya siku inaingia LEO. Huo ndio utaratibu wangu, na nimewasema mafundi wengi kwa kukosa utaratibu.

Zile thelathini na sita nazo nikaziingiza LEO.

Ya kwanza niliifanya kwa haki. Nilichukua brashi, nikapaka mwanga juu ya mtoto peke yake: nywele, sikio, shati la mistari. Kijana mzuri, anacheka huku ameshika kofia ya karatasi. Nyuma yake nikapaacha na weusi wake. Ilinichukua robo saa nzima.

Robo saa mara thelathini na sita. Nikapiga hesabu, nikasonya.

"Mama, nina njaa."

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumlaumu. Fundi yeyote wa picha anaijua njia ya mkato: unarekebisha picha moja yote kwa mkupuo, unanakili marekebisho, unachagua zote zilizomo kwenye folda, unabandika. Kompyuta inafanya kazi ya siku mbili kwa dakika moja. Nilijiambia nitapunguza nyuma baadaye, mama wa watu hatajua. Halafu, kwa kuwa diski yangu imejaa, huwa nahifadhi juu ya picha zilezile. Ya zamani inapotea, mpya inakaa mahali pake.

Nikavuta kidude kulia. Nikanakili. Nikachagua zote. Nikabandika. Nikahifadhi.

Maandishi yakatokea kwenye kioo cha kompyuta, upande wa chini: *Picha 37 zimekamilika.*

Niliyasoma. Niliyasoma kabisa, na hayakuniambia kitu.

Nikafungua ya kwanza.

Sebule ilikuwa imetokea. Ukuta wa kijani. Kabati. Meza yenye keki. Mlango wa chumba, uko wazi nusu.

Mlangoni amesimama mtu.

Alikuwa mrefu. Kichwa kimeinama, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi. Nikadhani ni baba wa mtoto, kisha nikakumbuka kwamba baba ndiye aliyeshika kamera. Nikasogea karibu na kioo. Uso haukuwepo. Mahali pa uso palikuwa na chenga tu.

Na chenga zile zilikuwa zinatembea.

Picha haitembei. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja, najua picha haitembei. Nikafumba macho, nikafumbua. Zilikuwa zinachemka polepole, kama uji unaoanza kuiva.

Nikafungua ya kumi. Ameshapita mlango.

Ya ishirini. Yuko kando ya meza. Watoto wengine wanapiga makofi, hakuna anayemtazama.

Ya thelathini. Ameinua mkono.

Ya thelathini na tano. Vidole viko juu ya nywele za yule mtoto. Virefu. Bado havijagusa... vimebakiza upana wa uzi.

Ndipo nikasikia harufu, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Sina jiko pale. Sijawahi kuwasha hata mshumaa.

Nikafungua ya thelathini na sita.

Hakuna mtu. Mlango, kabati, ukuta wa kijani. Mtoto amebaki peke yake na kofia yake ya karatasi, anacheka. Yule mwingine hayupo.

Nikashusha pumzi.

Nyuma ya pazia, kigoda kikalia.

Ni kigoda cha zamani, ukikikalia kinatoa mlio wa mguu uliolegea. Kililia mara moja. Kikanyamaza. Kikalia tena, kama mtu anayejiweka vizuri.

"Mama," Maswali alinong'ona kutoka chini ya meza. "Nani amekaa kwenye kigoda changu?"

Nilikuwa natazama kioo. Chini kabisa ya orodha kulikuwa na picha moja zaidi, na sasa ile namba ikanirudia kichwani. Thelathini na saba.

Nikaifungua.

Mwanangu, amekaa kwenye kigoda, ameonyesha pengo lake. Nyuma yake karatasi ya kijivu, imeng'aa vizuri, haina hata mkunjo. Na mbele ya karatasi, upande wa kushoto, amesimama.

Kichwa kimeinama.

Nilimvuta mwanangu kutoka chini ya meza, daftari likaanguka. Nikafunua pazia kwa mkono mmoja. Kigoda kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na majivu mabichi, kiasi cha kujaza kiganja.

Tulitoka nje mbio. Yule mama alikuwa kwenye benchi, simu sikioni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Ameamka!" akanishika mkono. "Fundi, ameamka! Anaomba chai! Mungu akuweke, akuzidi—"

Akanitazama usoni. Kicheko kikakatika.

"Umefanya nini?"

Nikamvuta mwanangu karibu.

"Ulipagusa nyuma?"

"Nilifanya haraka," nikasema. "Nilibandika kwenye zote. Na picha ya huyu ilikuwemo."

Akamtazama Maswali. Taratibu aliuachia mkono wangu, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Ni nani yule?" nikamuuliza. "Dada, niambie. Ni nani?"

"Simjui. Mama mkwe anasema hakuja mwenyewe. Alitumwa kwetu. Nani alimtuma hasemi, ila tangu siku ile haongei na dada yake." Akatazama mlango wa studio. "Alikuwa abaki mule. Mtoto atoke, yeye abaki gizani. Wewe umemtoa naye."

"Naifuta hiyo picha sasa hivi."

"Usiifute!" Alipaza sauti kwa mara ya kwanza jioni ile. "Umesahau mume wangu alifuta, ikawaje? Usiifute, fundi. Nisamehe. Nisamehe sana."

Akaondoka mbio kwenda kwa mwanawe. Sikumlaumu. Mimi pia ningekimbia.

Siku ya kwanza nilijaribu dawa yake, kumng'arisha mwanangu peke yake. Haikufaa. Mwanangu alikuwa ameshang'aa, na yule ameshang'aa pamoja naye, hakukuwa na giza la kumtoa. Nikajaribu kuikata picha, nikaondoa upande wote wa kushoto. Asubuhi yake nilimkuta upande wa kulia. Nikajaribu kumfuta kwa brashi, kumbandikia karatasi ya kijivu juu yake. Karatasi ilitokeza chenga, na chenga zikaanza kutembea.

Kilichobaki ni kurudisha giza. Nikachukua kidude, nikakivuta kushoto, nyuma ya mwanangu tu, mpaka yule akazama kwenye weusi. Namba kando yake ilisoma kumi. Nikahifadhi, nikalala usingizi wa mang'amung'amu.

Asubuhi nikakuta picha imejing'arisha. Amesogea hatua moja. Nikavuta tena mpaka ishirini na mbili. Kesho yake, thelathini na moja. Kila asubuhi ilitaka giza zaidi ya jana, na kidude kile kinaishia mia.

Nyumbani, Maswali alianza kusinzia. Mwanzoni mezani, kijiko kikiwa mkononi. Halafu mwalimu wake akaniandikia kwenye daftari: *Mtoto analala darasani, tafadhali awahi kulala usiku.* Alikuwa analala tangu saa kumi na mbili jioni. Siku ya saba nilimchukua shuleni, tukatembea njia nzima hadi nyumbani, na hakuniuliza swali hata moja. Tulipita mbwa mwenye miguu mitatu. Alimtazama tu. Nilifika nyumbani nikajifungia chooni nikalia, maji ya bomba yakiwa wazi asinisikie.

Siku ya tisa nilimwamsha, hakuamka.

Alikuwa anapumua vizuri. Uso umetulia. Nilimwita, nikamtikisa, nikamnyanyua nikamkalisha, kichwa kikaangukia begani kwangu kama cha kichanga. Mdogo wangu, tunayeishi naye, alianza kumvalisha viatu ampeleke hospitali. Nikamwambia asubiri.

"Nisubiri nini, dada? Mtoto haamki!"

"Nipe saa moja. Kaa naye. Usizime taa."

Nilikimbia hadi studio. Nikafungua picha. Kidude kilikuwa kwenye mia, nilikifikisha hapo mwenyewe jana yake, na bado alionekana. Alikuwa nyuma kabisa ya kigoda. Vidole viko juu ya nywele za mwanangu, vimebakiza upana wa uzi. Nikavuta kushoto. Hakikwenda. Nikavuta tena, kama mjinga, kidole kikiniuma. Giza lilikuwa limeisha.

Nikakaa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nikasema hapana. Nimechuma mimi, nitakula peke yangu. Nililisema kwa sauti, kwenye chumba kile kitupu, na harufu ya majivu ikaongezeka.

Fundi yeyote wa picha anajua kuweka picha juu ya picha. Matabaka: hili chini, hili juu, na katikati unaweza kupenyeza chochote. Nimewahi kumweka baba aliyekuwa safarini kwenye picha ya harusi ya bintiye, na hakuna aliyegundua.

Nikafungua pazia. Nikaweka kamera palepale ilipokuwa siku ile, mwanga uleule, taa zimezimwa. Nikasimama nyuma ya kigoda, mgongo kwenye karatasi, nikaweka kamera ijipige yenyewe. Sekunde kumi. Nilizihesabu. Kwenye ya nane nilisikia kitu kikipumua karibu na shingo yangu, pumzi baridi yenye unyevu. Sikugeuka.

Ikapiga.

Nikajikata kutoka kwenye ile picha mpya kwa uangalifu, unywele kwa unywele, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna kunakili, hakuna kubandika kwenye zote. Nikajiingiza kati yao: mwanangu mbele, mimi nyuma yake, yule nyuma yangu. Nikapanua mabega yangu kidogo yamfunike mtoto vizuri. Nikahifadhi.

Simu ikaita.

"Dada!" Mdogo wangu alikuwa analia. "Ameamka. Anauliza kwa nini amevaa viatu kitandani."

Nikapiga magoti sakafuni, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka fundi cherehani akaja kuchungulia.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Maswali amerudi kuwa Maswali. Anakula, anakimbia, ananiuliza kama samaki wanapiga miayo. Mwalimu ameandika kwamba sasa kuongea kwake kumezidi.

Picha naitazama kila asubuhi. Mwanangu hajaguswa. Yule amesogea. Jumatatu mkono wake ulikuwa umefika kwenye bega langu la kushoto, na tangu siku hiyo bega hilo lina baridi, hata nikilala juu ya mkono huo, hata nikikaa juani. Sivuti tena kidude. Sina pa kukivutia. Nimebandika karatasi kwenye kompyuta, nimeiandika kwa herufi kubwa: USIIFUTE. USIING'ARISHE. Mdogo wangu nimemwapisha.

Usingizi bado. Kwangu imeanza kwa njia nyingine. Nadhani yule humpata kila mtu pale anapomweza, na mimi maisha yangu yote yamo machoni. Vitu vinanitokea vyeusi. Mwanzoni pembe za chumba, halafu barabara, halafu nyuso. Wateja wananiletea picha nzuri nazirudisha zimeng'aa kupita kiasi, wananilalamikia. Jana fundi cherehani alinisalimia nikamjibu "Shikamoo," nikidhani ni mzee fulani.

Leo mchana mwanangu amerudi shule, akasimama mlangoni.

"Mama, mbona umewasha taa zote na jua lipo?"

Nikamwambia nafanya kazi ndogo ndogo, zinahitaji mwanga.

"Mbona kompyuta imezimwa?"

Nikageuka kuelekea sauti yake. Niliona mlango, au nilikumbuka mlango. Niliona weusi, na ndani ya weusi ule najua alikuwepo, na mkoba wake, na pengo lake.

"Uliza lingine," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Uliza tu, mwanangu. Usinyamaze. Mama anataka kujua umesimama wapi."